Jirani Aliyeulizwa

Kwetu Mji wa Kale posa haitimii mpaka jirani aulizwe. Upande wa mume hutuma wanawake wawili watatu, watu wazima, baada ya alasiri, wamejitanda mabuibui yao na wananukia udi. Hawaendi kwa wazazi wa binti. Hubisha mlango wa pili. Hukaribishwa, huletewa sharbati, wakazungumza joto, na maji ya mfereji yaliyokatika tena, na nani kafiwa. Kisha mmoja huweka gilasi chini na kuuliza: binti wa hapo kando, mwamwonaje? Na jirani hujibu huku akitazamwa.

Jibu hilo ni amana. Hata dini yenyewe inaruhusu useme kasoro uijuayo, kwa kuwa ndoa si jambo la kuficha, lakini uiseme kwa kinywa chako na ijulikane ni wewe uliyesema. Ndiyo maana watu hupima maneno. Ukimharibia mtu, kesho utakutana naye kwenye ujia ambao watu wawili hawapishani bila ya kugusana mabega. Mamangu aliulizwa mara nyingi kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu. Alikuwa na sauti ya pole na sifa ya kusema la haki, na nijuavyo mimi, hakuna posa iliyovunjika kwa mdomo wake.

Jirani wa mlango wa pili nilimwita Mama Mdogo tangu nijue kusema, ingawa hatuna damu moja. Nyumba zetu zimeegemeana, na ukuta wa uani ni mfupi, kichwa cha mtu mzima kinapita juu yake. Juu ya ukuta huo nimeona vikipita vyakula vya umri wangu wote: bakuli la mbaazi likienda, sahani ya mahamri ikirudi, maana sahani ya jirani hairudishwi tupu. Yeye na mamangu wote walifiwa na waume. Walikaa eda zao kwa kupishana miaka, na kila mmoja alimpikia mwenzake mpaka alipotoka.

Mama Mdogo ana mtoto mmoja tu, binti, mdogo kwangu kwa miaka mingi. Nilimbeba mgongoni. Alikuwa na akili ya shule, akaenda kusoma Nairobi, na akarudi kabla ya kumaliza. Alirudi hali hoi. Hapati usingizi, hali chakula, anakaa kitandani akitazama ukuta kama unaomsemesha. Daktari alisema ni ugonjwa wa huzuni na kwamba unatibika. Mama Mdogo aliogopa, kwa kuwa huku kwetu ukisema mwanao anaugua namna hiyo, watu hukimbilia kusema mashetani au wazimu, na jina hilo halitoki tena. Akawaambia watu ni malaria. Sisi tu ndio aliotwambia kweli.

Na mamangu ndiye aliyemuuguza. Kila asubuhi alivuka na uji wa mtama, akamlisha kwa kijiko kama kifaranga, akamsomea, akamchana nywele, akamzungumzia mambo ya kipuuzi ya mtaani, mpaka siku moja yule mwana akacheka. Siku hiyo mamangu alirudi nyumbani analia kwa furaha. Basi akapona, na akapata kazi ya kufundisha watoto wadogo upande wa Makadara. Watoto walimpenda hata wakamfuata mpaka mlangoni.

Mimi nafanya kazi Mbaraki, kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Nimeolewa mara moja, nikarudi nyumbani. Kwa nini nilirudi ni hadithi nyengine, wala si ya kuhuzunisha. Tulichokana kama watu wawili waliopangishwa chumba kimoja kwa makosa. Tangu hapo hakuna aliyebisha mlango kwa ajili yangu, nami kusema kweli sikuwa nikimngoja. Nilidhani hata mamangu hamngoji.

Ni mimi niliyeanzisha lile kundi la mtandaoni la wanawake wa kisiwani. Lilianza kwa wema mtupu. Nani ana mfanyakazi wa nyumbani mwaminifu, nani anauza madera ya jumla, maji yatatoka lini, tumwombee dua fulani amelazwa. Kisha mama mmoja akaniandikia faraghani kwamba mumewe anampiga, anataka ushauri wa wenziwe lakini anaona haya kuuliza kwa jina lake. Nikamfungulia njia ya kuandika kwa kuficha jina. Mtandao wenyewe una njia hiyo: jina na picha huondoka, pakabaki kivuli cheusi tu. Wanawake wakamjibu kwa mapenzi yaliyonitoa machozi. Mmoja akampa chumba cha kujihifadhi. Nikaona nimefanya jambo la thawabu, nikaiacha njia ile wazi kwa kila mtu.

Walichokuwa hawakijui wengi wao ni kwamba msimamizi wa kundi huliona jina. Imeandikwa katika masharti, lakini nani asomaye masharti? Kwa wenziwe, mwandishi ni kivuli. Kwangu mimi ni mama fulani wa nyumba fulani.

Nikayaona mambo. Nilimwona mke wa tajiri wa vitambaa, mtu ambaye dukani hata tabasamu hulipima kwa futi, akijificha jina ili amtumie mjane chakula cha mwezi bila ya kushukuriwa. Lakini pia nilimwona mwalimu wa madrasa, mwanamke ambaye akikuamkia hukuuliza hadi hali ya paka wako, akiandika kwamba bibi harusi wa juzi alikuwa mnene kama gunia la chumvi. Nilimwona mtu akimsuta nduguye wa tumbo moja. Siku ya pili nikikutana nao sokoni, "Sabalkheri mwanangu, waambaje?" nami najibu njema, huku nimelijua la jana. Nilifuta nilichoweza kufuta. Mengine nilinyamaza, nikajiambia ulimi hauna mfupa, watachoka.

Watu wa nje hudhani sisi tumezoea kujificha kwa sababu ya buibui na ninja. Hawajui wanachosema. Mwanamke aliyefunika uso kwetu hutambuliwa kwa mwendo tu, akiwa bado mwisho wa ujia. Hata watoto humwamkia kwa jina. Ninja haijampa mtu ruhusa ya kutukana, kwa sababu aliye ndani yake anajulikana na wote. Kule mtandaoni hakuna mwendo.

Posa ya binti wa Mama Mdogo ilikuja baada ya mfungo. Familia nzuri, watu wa upande wa Mbaraki, kijana ana kazi na ana adabu. Wanawake wao watatu walikuja kwetu siku ya Jumamosi, nami nilikuwa nyumbani, mimi ndiye niliyeleta sharbati. Gilasi ikawekwa chini, swali likaulizwa. Mamangu akajitengeza leso begani.

"Mwana huyo nimemlea kwa mikono hini," akasema. "Haya anayo, dini anayo, mkono wa kupika anao. Lau Mungu angalinijaalia mwana wa kiume, nyinyi mngalikuta mlango umeshafungwa."

Wakacheka wote. Yule shangazi mkubwa wa kijana akamshika mamangu mkono, akamwambia hakuna haja ya kuuliza nyumba nyengine. Walipotoka, mamangu alizikusanya gilasi mwenyewe, akaziosha, akazikausha moja moja. Sikuona kitu. Ningeona nini?

Lakini kijana alikuwa na dada, na dada huyo ni mtu wa siku hizi. Hakuridhika na gilasi ya sharbati. Aliingia kundini kwangu akaficha jina, akaandika: tumeposa mtaa wa ndani, binti ni mwalimu wa watoto, mamake mjane, nyumba ya madirisha ya kijani, wanaomjua watueleze, ni kwa heri. Jina hakulitaja, lakini kwa maelezo hayo hata mgeni wa mji angefika mlangoni. Nikalikuta asubuhi nikijitayarisha kwenda kazini. Hasira zangu ziko karibu siku zote, na zilinipanda. Nikataka kulifuta. Nikasoma majibu: mashaallah, mwana mwenye heshima, mwanangu anampenda sana mwalimu wake. Wote kwa majina yao wazi. Nikasema basi, sifa hazimdhuru mtu. Nikatoka.

Siku ile meli mbili zilikuwa zimefunga na karatasi zilikuwa zimejaa mezani. Niliishika tena simu wakati wa chai ya alasiri. Chini ya zile sifa palikuwa na jibu moja la kivuli.

"Muulizeni kilichomrudisha kutoka Nairobi ni nini. Msomi haachi masomo katikati ila kwa jambo. Majirani wanamsitiri, lakini ajuaye anajua."

Hakuna tusi ndani yake. Ukilisoma mara ya kwanza, ni swali tu. Lakini msichana kurudi ghafla kutoka mji wa mbali, kwetu, kuna maana moja tu, na kila mwanamke aliyelisoma alikwisha kuhesabu miezi ya mimba kichwani mwake. Chini yake vivuli vyengine vilikuwa vimeshafika: kumbe, nami nilisikia, nilimwona amekonda, Mungu atuhifadhi.

Nilibonyeza ili nimjue nimtoe. Nilikuwa nimeshapanga maneno ya kumwambia. Jina likafunguka, na pembeni yake picha ya waridi jekundu. Picha ile niliiweka mimi, kwenye simu niliyoinunua mimi, siku niliyomfundisha mamangu kutumia mtandao, kwa kuwa alikataa kuweka uso wake.

Nilikaa nikiitazama. Mwenzangu wa ofisini aliniuliza kama nimepata habari ya msiba. Nikamwambia ndiyo. Nilifuta kila kitu, swali na majibu yake, lakini watu walikuwa wameshapiga picha za skrini, na picha hizo zilikuwa zinatembea kwenye simu za mji mzima kabla sijafika nyumbani.

Nilipofika, Mama Mdogo alikuwa ameshavuka. Alikuwa amekaa sakafuni kwetu, kichwa chake kiko kwenye paja la mamangu, na analia kwa sauti ambayo sijapata kuisikia kwake, hata siku ya maziko ya mumewe. Mamangu alikuwa akimpapasa mgongo polepole.

"Ni nani mwenye moyo huo?" Mama Mdogo alikuwa akiuliza. "Nimemfanya nini? Nimemla nini?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, ndugu yangu," mamangu akamwambia. "Nyamaza. Mungu hamtupi mja wake."

Alilisema bila ya kupepesa macho. Nilisimama mlangoni na mkoba wangu begani, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwogopa mamangu. Sikumchukia, maana sikuweza. Nilimwogopa kwa sababu machozi yaliyokuwa machoni mwake yalikuwa ya kweli. Alikuwa akimhurumia mwenzake kwa dhati, kana kwamba aliyeandika ni mwanamke mwengine kabisa, mbaya, asiyejulikana, wa huko mbali.

Haukupita muda, upande wa mume wakamtuma mzee mmoja mwenye kanzu safi. Akasema kheri iko mbele, wao wameghairi. Sababu hakutoa na hakuna aliyemwomba. Binti akaendelea kwenda kufundisha, lakini akina mama waliokuja kuwachukua watoto wao wakawa wanamtazama tumboni wanapomsalimu. Mmoja akamhamisha mwanawe. Mwalimu mkuu akamwita akamwambia kwa upole apumzike kidogo. Naye akarudi kwenye kile kitanda na ule ukuta, na sisi tukarudi kwenye uji. Ndiyo, mamangu alivuka tena na bakuli, na kijiko, kila asubuhi. Safari hii yule mwana hakucheka. Alipopata nguvu ya kusimama, akajiandikisha kwa kazi ya kulea watoto wa watu huko Arabuni, akaondoka. Mama Mdogo akabaki na madirisha yake ya kijani na nyumba tupu.

Nilikaa na jambo hilo mpaka likaanza kunitoka puani. Alasiri moja mamangu alikuwa uani, amekaa kwenye kibao, anachagua mchele kwenye uteo. Nikavuta kigoda nikakaa mbele yake.

"Mama," nikamwambia, "msimamizi wa kundi huona majina."

Mkono wake ukasimama. "Majina gani?"

"Yote. Hata yaliyofichwa."

Hakunitazama. Aliokota kijiwe, akakitupa, akaokota chuya, akaitupa. Kisha akasema kwa sauti ileile ya pole, huku anautazama mchele.

"Wapitapo wote wapita mlango wangu, mwanangu. Wanikalisha kitako, waniuliza sifa za wana wa watu, nami nazitoa. Nimewaoza wana wa mtaa mzima. Na weye hapo jikoni wapeleka sharbati. Siku ile ulipoingia na sinia, yule shangazi hakukutazama hata usoni. Aliichukua gilasi kama aliyeletewa na mtumishi. Lilinikaa hapa." Akajigusa kifua. "Nikajiuliza, na wangu je?"

"Sasa ndiyo umharibie mwana wa mwenzio? Yule uliyemlisha kwa mkono wako?"

"Sikumwandikia yeye," akasema, na hapo ndipo akaanza kulia. "Wallahi sikumuona yeye. Nilishika simu, palikuwa na kile kivuli, jina langu halipo. Nikaona kama si miye nisemaye. Kama neno limejisemea. Nilipoiweka chini nikaingia jikoni kuonja mtuzi."

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia zaidi kwa kunitia mimi ndani yake. Nani alimwambia nimeumia? Nani alimwambia nataka mume wa gilasi ya sharbati? Nikamwambia haya yote kwa sauti ya juu, mpaka nikakumbuka ukuta ni mfupi, nikanyamaza.

"Vuka," nikamwambia kwa kunong'ona. "Mwendee umwombe radhi. Haki ya mja haifutwi na sala, weye ndiye uliyenifundisha."

"N'tavuka," akasema.

Hakuvuka. Alifanya kosa ambalo nadhani ni mtu wa kwetu tu anayeweza kulifanya, mtu anayeamini radhi kwa moyo wake wote na aibu kwa moyo wake wote pia. Siku ya pili niliona kundini neno la kivuli, na nyuma ya kivuli, kwa macho yangu peke yangu, lile waridi.

"Kwa mama wa yule binti mwalimu. Niliyoyasema hayakuwa kweli. Mwanao ni safi. Nakuomba radhi kwa ajili ya Mungu, duniani na akhera. Nisamehe."

Alijua nitaliona. Nadhani aliona ametimiza, amevuka ukuta bila ya kuvuka.

Mama Mdogo macho yake si mazuri, na wenziwe walikuwa wamempigia simu kumpasha habari. Akavuka kwetu na simu yake mkononi, akanipa mimi.

"Nisomee," akasema.

Mamangu alikuwa amekaa kitini mkabala naye. Nikasoma. Sauti yangu sikuijua. Nilipofika kwenye neno nisamehe nikainua macho nikamtazama mamangu, nikamwomba kwa macho yangu: sasa, Mama, sema sasa, mlango uko wazi. Midomo yake ilifunguka kidogo.

Mama Mdogo akaichukua simu yake, akaizima.

"N'msamehe nani?" akauliza. "N'tamshika nani mkono? Leo nikisema nimesamehe, kesho nikienda sokoni nitakuwa nimemsamehe muuza ndizi au mke wa imamu? Mwanangu analea wana wa watu, miye nalala na nyumba tupu, na huyo ataka radhi na buibui limemfunika mpaka kucha."

"Samehe tu, ndugu yangu," mamangu akasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba. "Mungu amjua."

"Mungu amjua, lakini haki ni yangu miye. Na aje akae hapo ulipokaa weye. Anambie ni miye. N'tamsamehe papo hapo, naapa. Hata sitamuuliza kwa nini."

Nikangoja. Nje muuza kahawa alikuwa akipita anagonganisha vikombe vyake. Mamangu akasema joto limezidi, akaniambia nimletee Mama Mdogo maji baridi.

Niliyaleta. Sijui kwa nini sikusema mimi pale. Nilifikiri ni haki yake kusema, si yangu. Na nilimtazama Mama Mdogo, mume hana, mwana yuko mbali, katika mtaa mzima hamwamini tena hata mtu mmoja, na amebakiwa na mamangu tu. Nikimpokonya huyo atabaki na nani?

Baada ya hapo mamangu akaanza kudhoofika. Figo, walisema. Kila safari ya hospitali Mama Mdogo alikuwa naye. Alimkanda miguu iliyovimba, alimpikia bila chumvi, alilumbana na wauguzi kwa niaba yake. Uji ule ule, kijiko kile kile, sasa umegeuka upande. Kuna siku nilikuwa nimekaa pembeni, mamangu akamshika mkono.

"Nina neno nataka kukwambia," akasema.

"Usijichoshe," Mama Mdogo akamwambia, akampangusa midomo. "Neno gani lililobaki baina yetu? Twajuana."

Mamangu akafumba macho, na chozi moja likashuka sikioni. Mama Mdogo alidhani ni maumivu.

Alifariki asubuhi, jua limekwisha kupanda, mtaa unanuka vitumbua. Wanaume wakaenda kushughulikia kaburi, nasi tukabaki na maiti yetu. Kwetu maiti ya mwanamke huoshwa na wanawake, na wa karibu ndio hutangulizwa. Tulikuwa watatu: mwosha, bibi mmoja wa mtaa ambaye kazi hiyo ameifanya maisha yake yote, mimi, na Mama Mdogo. Maji yalikuwa yametiwa majani ya mkunazi. Shuka ilikuwa imetandwa juu yake. Hana kasoro, alionekana kama anayesinzia akingoja adhana.

Kabla ya kuanza, mwosha alitutazama. "Mwenye neno na huyu mama amsamehe sasa," akasema, kama inavyosemwa kila mara.

"Nimemsamehe dunia na akhera," nikasema, na nilimaanisha kila herufi.

Mama Mdogo alikuwa ameshakunja mikono ya gauni. Akatabasamu katikati ya machozi. "Miye sina la kumsamehe," akasema. "Huyu hajanikosea hata siku moja."

Mwosha akaitika vyema, akanyoosha mkono kuchukua kata ya maji. Nikamshika mkono. Nilimwona mamangu akishushwa kaburini na deni lile shingoni, kwa sababu tu mwenye haki hajui kwamba ana haki, na sikuweza kuvumilia.

"Mama Mdogo," nikamwambia. "Sema tu umemsamehe."

"Kwa lipi?"

"Sema tu. Tafadhali."

Akanitazama. Akaitazama ile shuka. Akanitazama tena, kwa muda mrefu, na nikaona jambo likimwingia polepole, na sikuuondoa uso wangu. Alishika ukingo wa kitanda.

"Ni yeye?" akauliza.

Sikujibu, na hakuna jibu lililo wazi kuliko hilo. Mwosha, mtu mzima aliyeona mengi, aliinamisha kichwa na kuanza kusoma kwa sauti ya chini.

Nilidhani atatoka. Nilidhani atapiga kelele, na angekuwa na haki. Hakutoka. Tulimwosha mamangu kama anavyostahiki kuoshwa, kwa upole, upande wa kulia kwanza. Ikafika kumtawadha. Mama Mdogo akatia kitambaa majini, akakikamua, akamwosha mikono yake kutoka vidoleni hadi vifundoni, ile mikono iliyompapasa mgongo. Akapandisha kitambaa mpaka kidevuni, na hapo mkono wake ukasimama. Ulikaa hewani, maji yakidondoka kwenye shuka. Nilingoja neno moja. Mpaka leo naishi naye ukuta kwa ukuta na neno hilo sijalisikia.

Akanitia kitambaa mkononi.

"Uso mwoshe weye," akasema.

Akachukua kata, akanimiminia maji, nami nikaosha.